Kifurushi Kinachofika Kitangari

Flashi ilikuwa ya gigabaiti 32, nyeusi, imefungwa uzi wa kiatu ili isipotee mfukoni. Ilitoka Dar es Salaam kwa basi hadi Mtwara, ikapanda nami uwanda wa Makonde kupitia Tandahimba, ikafika Newala, na kutoka hapo Kitangari. Ndani yake mlikuwa na programu ya kutunza matokeo ya wanafunzi: huria, ya bure, kazi ya vijana wa mjini wenye nia njema. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine ishirini za mitumba, zote za Linux, zimefunikwa vitenge dhidi ya lile vumbi jekundu. Nikachomeka flashi, nikabofya. Mashine ikajibu kwamba programu inahitaji libssl1.1, nayo haipo wala haiwezi kupatikana.

"Fundi, imekataa?" akauliza mwalimu mwenye funguo za chumba.

"Haijakataa, Mwalimu. Inamtafuta mwenzake."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Mtandaoni."

Mwalimu akacheka, maana bando la chumba lilikuwa limekata tangu asubuhi.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado naona kwamba watengenezaji wa programu huria hutumia muda mwingi mno kubishana lugha gani ya kuandikia, na muda mchache mno kuamua kazi yao itamfikiaje mtu. Hakuna programu inayojitosheleza. Ile ya matokeo haikuandika yenyewe namna ya kusimba nywila, iliegemea OpenSSL, ambayo ile libssl1.1 ni sehemu yake. Haikuandika namna ya kuhifadhi rekodi, wala namna ya kuchora madirisha kwenye kioo. Kila kimoja cha hivi kinatoka kwenye maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili programu nyingi ziutumie. Maktaba hizo ndizo tunazoziita vitegemezi. Swali la kifurushi ni hili: unampelekea mtumiaji programu peke yake, ukitarajia vitegemezi atavikuta kwake, au unamfungia kila kitu mzigo mmoja?

Mkazi wa uwandani ana jibu la swali hili nyumbani kwake, ila hajaliita kwa jina hilo. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote. Mito hakuna, maji yako mabondeni. Basi kuna njia mbili. Ya kwanza ni maji ya mradi, yanayosukumwa kwa mashine kutoka vyanzo vya Mitema, huku huku Kitangari, kwenda Newala na Tandahimba. Ya pili ni kisima cha sementi uani, kinachokinga mvua ya paa la bati. Maji ya mradi yakitiwa dawa mara moja pale chanzoni, maelfu wanakunywa salama. Mashine ikizimika, maelfu hao hao wanabeba ndoo. Kisima cha uani hakijui habari za mashine. Lakini panya akifia humo, ni panya wako peke yako, na hakuna ofisi itakayokutangazia.

Debian, mojawapo ya mifumo ya uendeshaji ya Linux, ni maji ya mradi. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na toleo lake la 2.1 la mwaka 1999 lilileta APT, chombo kinachosoma orodha ya vitegemezi vya programu unayoitaka, kikavifuata vyote kwenye ghala la vifurushi la mtandaoni na kuvifunga kwa mpangilio. Toleo la 12, la Juni 2023, lina vifurushi zaidi ya 64,000. Kanuni yake tangu zamani ni kwamba maktaba moja iwe nakala moja, na wote wachote hapo. Mtu asiyejua historia huiona kanuni hii kama ubahili wa enzi za diski ndogo. Sababu yake kubwa ilionekana Machi 2002, zilipopatikana dosari za usalama katika zlib, maktaba ndogo ya kubana data ambayo karibu kila programu inayogusa picha au faili la zip inaitumia. Waliochota zlib ya pamoja walipata sasisho moja na mambo yakaisha. Lakini watengenezaji wengi walikuwa wameinakili zlib na kuitumbukiza ndani ya msimbo wao, wengine wamesahau kabisa kwamba imo. Hao ilibidi watafutwe mmoja mmoja. Heartbleed ya Aprili 2014, dosari ya OpenSSL iliyovujisha kumbukumbu za seva, ilirudia somo lile lile: mwenye maktaba ya pamoja alisasisha kifurushi kimoja, akawasha upya huduma zake, kisha akabadilisha funguo. Mwenye nakala zilizofichika alibaki akijiuliza ziko wapi.

Kwa hiyo ningesema tuchote wote kwenye mradi na safu iishe? Kitangari inanizuia. Ghala la pamoja linadhani mambo mawili ambayo kwetu hayapo kila siku: kwamba mtandao upo, na kwamba mashine zote zimo kwenye toleo moja au yanayokaribiana. Ubuntu 22.04, ndugu wa Debian, ya Aprili 2022, iliacha kubeba OpenSSL 1.1 na kuweka OpenSSL 3. Vijana wa ile flashi waliunda programu yao kwenye kompyuta ya zamani zaidi, wakaijaribu hapo hapo, ikafanya kazi, wakaifunga. Chumba cha Kitangari kilikuwa na toleo jipya kuliko lao! Tumezoea kudhani kijijini ndiko kwenye vitu vya zamani. Safari hii mjini ndiko kulikochelewa.

Tena kulikuwa na mtego. Libssl1.1 unaweza kuipata kwenye ghala la zamani, ukaifunga kwa mkono, na programu ikaamka. Mafundi wengi hufanya hivyo, na mimi nimewahi. Lakini wenye OpenSSL walifunga huduma ya bure kwa mfululizo wa 1.1.1 tarehe 11 Septemba 2023. Ukiirudisha leo umefunga kufuli ambalo aliyelitengeneza ameacha kulikarabati, na umelifunga kwenye mlango wa matokeo ya watoto.

Sasa tugeukie kisima cha uani. Kila mwenye simu anakijua, kwa sababu faili la APK ni kifurushi cha aina hiyo: maktaba za programu zimo ndani yake, na kutoka nje inachohitaji ni Android yenyewe. Ndiyo maana vijana wa Newala na Masasi kwa miaka mingi walirushiana programu kwa Xender, programu ya kutumiana mafaili simu kwa simu, chini ya mkorosho bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. Huo ulikuwa mfumo wa usambazaji, na wa kuheshimika. Kisha Agosti 2021 Google ikaanza kudai kwamba programu mpya zinazoingia dukani kwake zipelekwe katika muundo ambao duka lenyewe hulikata faili vipande, likampa kila mtu vile vinavyofaa kioo chake, lugha yake na aina ya prosesa yake. Upakuaji ukapungua, jambo jema. Ila ukimrushia jirani kile kipande cha msingi peke yake, mara nyingine kinagoma kufunga, au kinafunga na kuanguka kikifunguliwa. Uamuzi ule ulifanywa kwa kumfikiria mtu anayepakua kutoka dukani. Aliyekuwa anapokea kwa jirani hakuwa kwenye hesabu.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka jirani. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa watu wa Indiana, Marekani, na Eldoret, Kenya, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Wenyewe waliamua kutoa vifurushi viwili vya kitu kile kile. Kimoja ni faili la WAR, yaani kifurushi cha programu ya wavuti ya Java, peke yake: seva ya Tomcat na hifadhidata unatafuta mwenyewe. Kingine ni mkoba mzima, seva na hifadhidata vimo. Unafungua zip, unabofya, mfumo unaamka. Mkoba huu haukulenga hospitali kubwa. Ulimlenga mtu anayetaka kuona kitu kinavyofanya kazi kabla ya kumwita fundi. Hawakuuliza kifurushi kipi ni bora. Waliuliza nani anakipokea. DHIS2, ambayo Wizara yetu ya Afya inaitumia kukusanyia takwimu za vituo, nayo inagawanya mzigo: maktaba zake za Java zimo ndani ya WAR, ilhali Tomcat na hifadhidata ya PostgreSQL mara nyingi hutoka ghala la mfumo wa uendeshaji, ambako kuna watu wa kuzitunza.

Tatizo la mkoba ni kwamba ukishafungwa hakuna anayeufungua. Desemba 2021 ilipotangazwa dosari ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, fundi yeyote mwenye seva alikesha. Dosari ilimruhusu mtu wa mbali kuendesha amri zake kwenye seva yako kwa kuandika maneno fulani tu mahali ambapo yataandikwa kwenye kumbukumbu, hata kwenye sehemu ya jina la mtumiaji. Kurekebisha lilikuwa jambo la dakika tano. Kazi ilikuwa kuipata. Faili la Java hubeba mafaili mengine ya Java tumboni, na hayo hubeba mengine. Unafungua WAR unakuta JAR, ndani ya JAR kuna JAR. Nilikuwa na orodha ya mashine nilizowahi kuzifunga, lakini sikuwa na orodha ya vilivyomo ndani ya kila kifurushi. Nilitumia siku nne kupekua mizigo niliyoifunga kwa mkono wangu.

Tangu siku hizo sifungi mkoba bila kuweka karatasi ya viambato: jina la kila maktaba, toleo lake, ilikotoka. Pakiti ya biskuti dukani ina karatasi hiyo. Programu inayotunza habari za wagonjwa haina. Marekani, kwa agizo la rais la Mei 2021, serikali ilianza kuwadai wauzaji wake wa programu orodha ya namna hiyo. Sisi hatuhitaji agizo. Ni faili moja la maandishi.

Watetezi wa mkoba watanikumbusha kwamba hata chanzo cha pamoja hutiwa sumu. Ni kweli. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kujenga imani kwa miaka kadhaa, alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, maktaba nyingine ya kubana data, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa anachunguza kwa nini kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Lakini tazama sumu ilifika wapi: iliingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian, haikufika lile thabiti ambalo seva nyingi hulitumia, kwa sababu toleo thabiti huenda pole pole kwa makusudi. Waliokuwa wanavuta kila kipya siku kinapotoka ndio walioguswa. Na kisa cha left-pad cha Machi 2016, pale mtengenezaji mmoja alipoondoa kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kijiprogramu cha mistari 11 na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa, nakisoma hivyo hivyo: tatizo halikuwa kushirikiana, lilikuwa kushirikiana kwenye ghala ambalo mwenye gunia aliweza kuja kulichukua wakati wowote. Npm walibadilisha kanuni hiyo baadaye.

Kuna mwezi ambao napenda kuwatajia wanaojenga mifumo Dar es Salaam. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga, Kilwa. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ya Tanzania yote ikawa ya kusuasua. Ndani ya wiki mbili kusini tulikosa njia ya basi na njia ya data. Programu ambayo kila inapowashwa inachungulia mtandaoni kuvuta kipande cha JavaScript kutoka seva ya ng'ambo ilikufa siku hiyo hata pale ambapo umeme ulikuwepo, kompyuta ilikuwepo na data zote zilikuwa kwenye diski ya hapo hapo. Huo ni uzembe wa kifurushi. Kipande chenyewe pengine ni kilobaiti mia moja, kingekaa ndani bila mtu kukihisi.

Mimi naamua hivi. Kinachozungumza na mtandao au kugusa siri, yaani OpenSSL, seva ya wavuti, hifadhidata, kitoke ghala la mfumo wa uendeshaji, kwa sababu kitahitaji kukarabatiwa haraka na si mimi nitakayekuwa macho usiku huo. Kinachochora, kinachopanga, kinachohesabu wastani wa darasa, kiingie mkobani kwa toleo nililolijaribu. Kontena za Docker sizikatai; zinahamishika kwa flashi kama faili moja, na zimeniokoa. Ila kontena ni nyumba nzima iliyohamishwa pamoja na kisima chake, na walio wengi hawafungui mfuniko wa kisima hicho hata mara moja kwa mwaka. Ukipeleka kontena Kitangari, andika tarehe utakayorudi.

Wengi hudhani kuchota ghala la pamoja na kusafiri kwa flashi ni vitu viwili visivyokutana. Vinakutana vizuri sana. Mkulima wa korosho wa Mtwara ameuzoea mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007: mnunuzi haangalii sura ya dereva aliyeleta magunia, anaangalia stakabadhi inayosema uzito na daraja. APT inafanya kazi hivyo hivyo. Ghala lina orodha yenye alama ya kila kifurushi, na orodha hiyo imetiwa sahihi ya kidijitali. Kifurushi kikija kwa nyaya za baharini, kwa basi au kwa mfuko wa shati langu, mashine itapima alama, itakagua sahihi, na kama mtu njiani amebadilisha herufi moja itakikataa. Huhitaji kuniamini mimi. Programu nyingine nyingi za kwenye flashi hazina kinga hiyo, na ndiyo maana virusi vilizoea kupanda basi.

Ila mfumo huo nao umeandikwa na watu wenye intaneti ya kila siku. Orodha ya masasisho ya usalama ya Debian huisha muda wake baada ya siku saba hivi. Ukiifikisha uwandani siku ya tisa, mashine inasema imechacha na kuikataa. Kuna kipengele cha kuiruhusu, na inakubidi ujue unaruhusu nini. Jingine ni dogo, na hakuna mwongozo ulionitahadharisha: kompyuta ya mitumba ambayo betri ya saa imekufa huamka ikidhani ni mwaka 2010. Ukiipa orodha ya mwaka huu inakujibu kwamba orodha hiyo bado haijaanza kutumika. Nilihangaika na sahihi kwa saa nzima kabla ya kutazama kona ya kioo. Betri yenyewe ni ile ya duara kama sarafu, mwenye duka la saa anayo.

Neno kuhusu leseni, maana tunalipita kimya kimya. Ukimpa mtu programu yenye leseni huria ya GPL kwenye flashi, wewe ni msambazaji, na leseni inakutaka umpe na msimbo wake au ahadi ya maandishi ya kumpa. Njia rahisi ni kuuweka kwenye flashi hiyo hiyo. Gigabaiti 32 zinatosha, na siku moja mwanafunzi mmoja ataufungua.

Turudi chumbani. Sikuirudisha libssl1.1. Nilinunua bando, nikafunga apt-cacher-ng kwenye mashine moja, ile iliyo karibu na dirisha ambako mtandao unashika. Hiyo ikawa chanzo chetu: kifurushi kinachoombwa na mashine ya kwanza hupakuliwa mara moja, na zile kumi na tisa huchota kwa jirani yao kupitia waya wa chumbani. Masasisho ya megabaiti 300 yangekula gigabaiti sita. Yalikula megabaiti 300. Msimbo wa ile programu ulikuwa huria, basi nikaujenga upya juu ya OpenSSL 3. Ulihitaji mabadiliko ya mistari miwili, nikawatumia vijana wa mjini, wakayapokea siku iliyofuata na kunishukuru. Hawakuwa wamejua.

Ombi langu kwao, na kwako unayejenga mfumo wa shule, zahanati au chama cha msingi, ni moja. Kabla hujatangaza toleo, tafuta kompyuta tupu isiyo yako, iwekee mfumo wa uendeshaji wanaoutumia wateja wako, chomoa waya, zima Wi-Fi, kisha funga programu yako kwa kutumia flashi tu. Mwite mtu ambaye hajawahi kuiona aifunge, wewe ukae kimya nyuma yake. Anapokwama, usimguse. Andika alipokwama, na urudi ukakifunge upya kifurushi chako.